Bunduki Nyepesi na Bega la Mwenye Kuibeba

Ukurasa huu umezoea kuzungumza habari za jembe, ghala na mtumbwi. Juma hili twataka kusema habari za chombo ambacho watu wachache hukishika, lakini watu wengi hukizungumza, nacho ni bunduki ya kuwindia. Hapa Rusinga, kila mara kiboko atokapo ziwani usiku akaharibu mahindi ya mtu, asubuhi yake maneno huwa yale yale: "Laiti tungekuwa na bunduki." Na ukiuliza bunduki ya namna gani, utajibiwa upesi kwamba iwe nyepesi, ya kubebeka. Jibu hilo lina nusu ya akili ndani yake. Nusu ya pili ndiyo shauri letu la leo.

Kwanza tuiweke sheria mahali pake. Katika Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 iliendelea kuukataza. Kushika bunduki bila cheti ni kosa lingine peke yake. Basi mkulima wa Rusinga hawezi kujinunulia bunduki akajifanya mwindaji wa viboko. Hata hivyo wako vijana walioandikwa kuwa askari wa wanyamapori. Wako wenye vyeti wanaoshindana kwa shabaha. Na ng'ambo ya mpaka, katika Tanzania, uwindaji kwa leseni ungali halali. Kwa watu hao, kuchagua bunduki ni jambo la kazi. Kwa sisi wengine ni jambo la kulielewa, maana mnyama aliyejeruhiwa vibaya haulizi ni nani aliyempiga.

Sababu ya kupenda bunduki nyepesi yajulikana na kila mtu aliyetembea. Mtu akishuka na kupanda vilima vya bonde la Lambwe tangu alfajiri mpaka jua la utosi, kila robo ya kilo begani yazidi kuwa nzito. Mtu aliyechoka hupumua kwa nguvu, mikono yake hutetemeka, na shabaha yake hupotea. Kwa hiyo asemaye kwamba bunduki nzito huharibu shabaha hakusema uongo.

Lakini tutazame upande wa pili. Baruti iwakapo ndani ya mtutu, huisukuma risasi mbele na kuisukuma bunduki nyuma. Risasi kwa kuwa ni nyepesi huruka mbio sana. Bunduki kwa kuwa ni nzito hurudi polepole. Kule kurudi ndiko tunakokuita teke la bunduki. Uzito wa bunduki, basi, ndio ngao ya bega. Twaa bunduki ya kilo 4, uipunguze iwe kilo 3, kisha uipige kwa risasi ile ile: nguvu ya teke itaongezeka kwa theluthi moja. Mwenye bunduki hiyo hufurahi kutwa nzima njiani, kisha hulipa deni lote kwa nukta moja. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bunduki nyepesi nayo, ukiitazama begani pa mwenzio, huonekana kama usufi mtupu.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka wa 1944 Waingereza walianza kutengeneza bunduki fupi kwa ajili ya vita vya msituni, ikaitwa Namba 5, na watu wakaizoea kwa jina la Jungle Carbine. Bunduki ya askari iliyokuwa ya kawaida wakati ule, yaani Namba 4, ilikuwa na uzito wa kilo 4.1 hivi, hii mpya ilikuwa na kilo 3.2 hivi. Risasi zake zilikuwa zile zile za .303. Malaya, ambako askari wa KAR kutoka Afrika Mashariki nao walipelekwa katika miaka ya mwanzo ya 1950, ni mojawapo ya nchi ambako bunduki hiyo ilitumika sana. Waliitakia heri wakiwa safarini, na kuinung'unikia walipofyatua. Kitako chake kilitiwa mpira ili kupunguza teke, lakini mpira wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko kitako, hivyo nguvu yote ikakusanyika mahali padogo pa bega. Utengenezaji wake ulikomeshwa mwaka wa 1947.

Hapa msomaji ataniuliza, "Je, haikuwa bunduki nyepesi iliyompa sifa yule Bwana Bell wa Karamoja?" Naam, swali ni zuri, na ndani yake mna fundisho kubwa. W. D. M. Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka wa 1880 na kufa mwaka wa 1954, aliwinda ndovu katika Karamoja, kaskazini ya Uganda, tangu mwaka wa 1902. Aliua ndovu zaidi ya 1,000 kwa ajili ya pembe, na wengi wao aliwaua kwa bunduki ya milimita 7, iliyoitwa .275 Rigby, wakati wawindaji wengine walipochukua bunduki za mitutu miwili zenye kilo 5 na zaidi. Siku hizi hatusifu mauaji ya namna ile. Lakini yafaa kujua yaliwezekanaje.

Bell hakuchagua bunduki nyepesi tu. Alichagua risasi isiyo na teke kali. Mambo hayo ni mawili mbalimbali. Bunduki nyepesi yenye risasi kali humpiga mwenyewe. Bunduki nyepesi yenye risasi ya kiasi humwacha mwenyewe na utulivu wake. Tena Bell alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, na alijizoeza kulenga kila siku. Hakutegemea nguvu ya pigo. Alitegemea mahali pa pigo. Mtu asiye na ujuzi ule akiiga bunduki yake bila kuiga mazoezi yake, atakuwa amevaa kanzu ya shehe bila kusoma. Ndiyo maana sheria za nchi mbalimbali za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, zataka wanyama wa hatari wapigwe kwa bunduki isiyopungua .375, nayo .375 katika bunduki nyepesi mno ni adhabu.

Basi mtu mwenye ruhusa achagueje? Kwanza aulize anakwenda kumpiga mnyama gani, wala asiulize bunduki gani inasifiwa. Kwa swala wa kiasi, risasi ya milimita 7 au ya .308 yatosha, na bunduki ya kilo 3 na nusu hivi, pamoja na darubini yake, hubebeka bila kumchosha wala kumwumiza mtu wa kawaida. Pili, atazame kitako. Kitako kirefu mno hakikai begani vema. Kifupi mno huleta kidole gumba karibu na pua. Mpira wa kitako uwe mpana na laini, ufunike kitako chote. Tatu, asidanganywe na kile chombo kinachotiwa mdomoni pa mtutu ili kupunguza teke. Kweli hulipunguza, lakini huzidisha kishindo, na masikio ya mwenzako aliyesimama kando ndiyo yanayolipa.

Teke lenyewe huvumiliwa kwa desturi njema, wala si kwa ushupavu. Kitako na kikae imara ndani ya bega, wala kisiachiwe nafasi, maana nafasi hiyo ndiyo inayoligeuza teke kuwa nyundo. Mwili uelekee mbele kidogo, mguu mmoja ukitangulia, ili mwili mzima urudi pamoja na bunduki. Jicho lisikaribie darubini. Wengi wana alama juu ya nyusi kwa kosa hilo. Masikio yazibwe, maana mara nyingi kinachomshtua mtu ni kishindo kuliko pigo. Kidole kikaze kifyatulio polepole, wala kisikivute kwa ghafula.

Adui mkubwa si bega kuuma, bali hofu. Mtu aliyekwisha kupigwa teke mara kadhaa hufumba macho na kukaza mwili kabla risasi haijatoka, na mtutu huinama bila yeye kujua. Iko njia ya kuigundua hofu hiyo. Katika uwanja wa shabaha, mwalimu humtilia mwanafunzi risasi za kweli na za bandia bila kumwambia ipi ni ipi. Inapofika ya bandia, mtutu ukitikisika, wote wataona. Dawa yake ni kurudi kwenye bunduki ndogo ya .22 ambayo haina teke la kusema, kujizoeza kufyatua bunduki iliyohakikishwa kuwa haina kitu na iliyoelekezwa mahali salama, na kupiga risasi chache kwa siku. Risasi 10 zilizopigwa kwa utulivu hufundisha kuliko 40 zilizopigwa kwa kuuma meno.

Sasa turudi kwa kiboko wetu. Dume lake hufikia kilo 1,500 na kuzidi. Mtu akimpiga usiku kwa bunduki ndogo, au kwa bunduki kubwa huku amefumba macho kwa hofu ya teke, kiboko hafi. Hurudi majini na jeraha lake. Kesho yake si mpigaji atakayekutana naye. Atakutana naye mama aliyekwenda kuteka maji, au mvuvi aliye katika mtumbwi. Hilo ndilo jambo la kufikiri kabla ya kusema, "Laiti tungekuwa na bunduki."

Kwa hiyo mwenye shamba lililoharibiwa na apeleke habari upesi kwa maofisa wa wanyamapori, na aandike tarehe, saa, na kipimo cha hasara, akionyesha nyayo kabla mvua haijazifuta. Sheria ya mwaka wa 2013 iliweka fidia, na kwa mtu aliyeuawa na mnyama aliyetajwa katika sheria hiyo kiasi kiliwekwa kuwa shilingi milioni 5. Madai huchelewa, lakini dai lisiloandikwa halichelewi tu, halifiki kabisa.

Na wewe kijana uliyekabidhiwa bunduki kwa kazi ya halali, usione haya kumwambia mkubwa wako kwamba bunduki uliyopewa yakuumiza. Bega linalouma leo ni risasi itakayokwenda kombo kesho. Chagua ile unayoweza kuipiga macho yakiwa wazi.