Sahihi Si Ridhaa



Mwaka jana tulikuwa tumekaa maskani baada ya Alasiri, wakaja wawili na tableti. Kuna utafiti, wakasema, dakika kumi tu, na kila mtu atapata mia tano ya nauli. Nauli! Sisi tulikuwa tumekaa mlangoni kwetu. Tukaweka sahihi. Swali la kwanza umri, la pili kazi, na huko mbele: ni nani hapa mtaani huwaambia vijana maneno ya kuichukia serikali? Mwenzetu mmoja akauliza majina hayo yanapelekwa wapi. Akajibiwa, "Wewe si umeshaweka sahihi?"

Sahihi aliweka, kweli. Ridhaa hakutoa. Huwezi kuridhia jambo ambalo hujaambiwa, wala huna hiari kama mlango wa kutoka umefungwa.

Mwaka 1947, majaji wa Marekani kule Nuremberg waliwahukumu madaktari wa Kinazi waliowafanyia wafungwa majaribio. Wakaandika kanuni kumi, na ya kwanza ni ridhaa ya hiari ya anayefanyiwa utafiti. Sasa sikia haya. Wakati huohuo, huko Tuskegee, Alabama, idara ya afya ya Marekani hiyohiyo ilikuwa ikiwaangalia wanaume weusi 399 wenye kaswende bila kuwatibu, ili ione ugonjwa utawafikisha wapi. Ilianza 1932 ikaisha 1972. Waliambiwa wana "damu mbaya" na kwamba wanatibiwa. Walipewa usafiri, chakula cha moto siku ya kupimwa, na pesa za mazishi. Hizo za mazishi zilikuwa na sharti: maiti ipasuliwe kwanza. Penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida miaka ya 1940, wao wakanyimwa. Wengi walikuwa wakulima maskini, na hakuna aliyewashikia bunduki. Sahani ya chakula ilitosha.

Kwa hivyo mia tano si kitu kidogo. Mnakumbuka foleni za Worldcoin 2023, watu wakipigwa picha za mboni za macho kwa ahadi ya sarafu za kidijitali? Ule haukuwa utafiti wa dawa, lakini mtego ni uleule. Serikali ilisimamisha zoezi hilo Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile zifutwe.

Sisemi mkatae kila mtafiti. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa Kilifi pia, kwa watoto ambao wazazi wao waliulizwa wakakubali, na leo inatumika. Lakini akija mtu, muombe kibali cha NACOSTI ukisome. Muulize nani anamlipa, jina lako litakaa wapi, nani ataliona. Ukifika swali la saba ukaona moyo umekataa, rudisha tableti yake. Huna haja ya kutoa sababu. Na aliye chini ya miaka 18 asiulizwe lolote mzazi hajui.

Yule mwenzetu aliwapigia simu akitaka majibu yake yafutwe, wakamwambia haiwezekani tena. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa haki ya kuondoa ridhaa yake, na ofisi ya Kamishna wa Data hupokea malalamiko. Barua tumeshaiandika. Jumatatu tunamsindikiza kuipeleka.