Baiskeli si Anasa ya Wageni

Mwandishi mmoja anadai kwamba kuendesha baiskeli peke yako ukingoni mwa Ziwa Turkana ni anasa ya wageni, na sisi wa Eldoret tubaki na mbio. Anasa gani, kwenye mawe ya volkano yanayochana tairi na upepo unaozungusha mitambo 365 ya umeme? Ila dai bovu zaidi ni hilo la wageni. Mwendesha baiskeli Suleiman Kangangi alizaliwa hapa Eldoret, akawa wa tatu katika mashindano ya Tour du Rwanda 2017, akafia mashindanoni Vermont, Marekani, Agosti 2022. Naye mgeni? Na wauza maziwa wanaopanda milima alfajiri, mitungi imefungwa kwa mipira kwenye keria? Hatari ya kweli kule Turkana ni kiu: maji ya ziwa yana magadi. Hilo mwandishi huyo hakuligusa kabisa.