Dakika Arobaini za Kukaa Kimya

Rumeti wangu ana swali ambalo haachi kuniuliza kila nikiiweka ile albamu kwenye spika: "Hii imeshaanza, au bando limekata?"

Siwezi kumlaumu. Mwanzo wake hauna ngoma, wala hauna mtu anayeimba. Kuna nyuzi zinazovuma kwa mbali, tarumbeta inayopumua mara moja kisha ikanyamaza, na vijisauti ambavyo feni ya chumbani ikiwa imewashwa huvisikii kabisa. Halafu, ukiwa umeshakata tamaa, gitaa linaingia taratibu kama mtu aliyechelewa kipindi na hataki mhadhiri amwone.

Albamu yenyewe ni Spirit of Eden ya bendi ya Talk Talk kutoka Uingereza. Ilitoka mwaka 1988, kabla hata wengi wetu hatujafikiriwa kuzaliwa. Ina nyimbo sita tu, dakika zipatazo arobaini na moja, na tatu za kwanza zimeunganishwa kiasi kwamba hujui moja imeishia wapi. Wanaopanga muziki kwenye makabati huiweka kwenye roki mbadala yenye jazi ndani yake. Mimi naiweka kwenye vitu vichache ninavyovipenda kwa dhati, na kwa sababu hiyo nimesemwa sana: najifanya, nimekuwa Mzungu, napenda kisichopendwa ili nionekane. Makala hii ni jibu langu. Ni ungamo pia, maana kuna sehemu waliyosema kweli.

Tuanze na historia, kwa sababu ndiyo inayofanya upendo wa wasikilizaji wa albamu hii uwe jambo la ajabu kidogo. Talk Talk hawakuanza kama watu wa kukaa kimya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa bendi ya pop ya vinanda vya umeme, ya video na mavazi ya wakati huo. Wimbo wao It's My Life wa mwaka 1984 bila shaka umeusikia, kama si kwao basi kwa No Doubt waliourudia mwaka 2003. Mwaka 1986 walitoa The Colour of Spring, ikauza vizuri, na kampuni yao, EMI, ikawapa fedha na uhuru wa kutengeneza nyingine wanavyotaka.

Wakatengeneza wanavyotaka kweli. Mwimbaji Mark Hollis na mtayarishaji Tim Friese-Greene walijifungia katika studio ya Wessex jijini London, jengo ambalo zamani lilikuwa la kanisa, kwa muda wa karibu mwaka mzima. Mhandisi wa sauti, Phill Brown, amesimulia jinsi walivyofanya kazi gizani, mwanga ukiwa wa taa za rangi zinazozunguka ukutani, hadi mtu akasahau ni mchana au usiku. Waliitwa wapigaji wengi: Henry Lowther wa tarumbeta, mtu wa jazi hasa, Danny Thompson wa ile besi kubwa ya kusimama, Nigel Kennedy wa fidla, aliyejulikana kwa muziki wa kale wa Ulaya, hata kwaya ya kanisa kuu la Chelmsford. Mpigaji aliweza kuingia, akapiga chochote kilichomjia juu ya muziki ambao hakuwahi kuusikia, kisha akaondoka. Hollis na mwenzake wakabaki kuchambua. Sehemu kubwa ya kilichopigwa ilitupwa. Kilichobaki ni noti chache, kila moja ikiwa imepata mahali pake.

Hapa ndipo neno jazi linapohitaji maelezo, kwa sababu kwetu lina maana yake. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz: hizo zilikuwa bendi za dansi, magitaa yakijibizana na saksafoni, watu wakicheza mpaka alfajiri. Ukimtajia babu yangu "jazz", mguu wake unaanza kucheza wenyewe. Albamu hii haichezeki. Jazi yake iko kwenye namna ilivyotengenezwa: kumwamini mpigaji ajibu kwa kile anachokisikia wakati ule ule. Hollis alizipenda sana kazi za Miles Davis na Gil Evans, na ukisikiliza utatambua alichojifunza humo: tarumbeta isiyo na haraka, na nafasi kubwa kati ya sauti moja na nyingine. Tofauti ni kwamba mwanajazi huiacha bahati ya usiku ule ibaki kama ilivyo, na hawa waliikata vipandevipande wakaishona upya kwa miezi. Ni bahati iliyofanyiwa kazi.

Na roki je? Ipo, subiri. Katika wimbo wa tatu, Desire, baada ya utulivu wa muda mrefu, ngoma na magitaa yanapasuka kwa kishindo ambacho kilimfanya jirani yangu wa chumba cha pili agonge ukuta. Ungepiga kelele zile zile mwanzo mwisho, zisingemshtua mtu. Zinashtua kwa sababu ya kimya kilichotangulia.

Kibiashara mambo hayakwenda vizuri. Albamu iligusa nafasi ya 19 kwenye chati ya Uingereza, ikashuka. Haikuwa na wimbo wa redio, na Hollis hakuwa na mpango wa kuzunguka majukwaani kuupiga muziki ambao haukuwahi kupigwa mara mbili kwa namna moja. Bendi na kampuni wakaishia mahakamani kugombania mkataba, na bendi ikaondoka. Albamu iliyofuata, Laughing Stock ya mwaka 1991, ilitoka chini ya Verve, lebo inayojulikana kwa jazi. Ilikuwa ya mwisho. Hollis alitoa moja peke yake mwaka 1998, akarudi nyumbani kulea familia, na hakutoa albamu nyingine hadi alipofariki Februari 2019 akiwa na miaka 64.

Kwa hesabu za duka, hadithi iliishia hapo. Lakini watu wakaendelea kuisikiliza. Mtu alimpa rafiki yake, naye akamrekodia mpenzi wake. Wanamuziki wa kizazi kilichofuata, Guy Garvey wa Elbow akiwa mmojawapo, walikuja kuitaja kama kitu kilichowafungua masikio. Leo waandishi wa muziki wanaihesabu miongoni mwa mizizi ya mkondo mzima unaoitwa posti-roki. Hakuna tangazo lililofanya hivyo. Ni wasikilizaji, mmoja mmoja, ambao hata hawakuwa wakijuana.

Ndiyo maana nasema umaarufu na kupendwa ni vitu viwili. Umaarufu ni watu wengi kusikia kitu kwa wakati mmoja. Kupendwa ni mtu mmoja kukirudia mara ya hamsini.

Lugha ya kampuni ile naisikia kila siku hapa chuoni. "Hiyo kozi ina soko?" "Hiyo tafiti nani atainunua?" Rafiki yangu anayesoma isimu ameulizwa na mjomba wake mara tatu atakula nini. Sisemi soko ni shetani. Tunaosubiri boom tukihesabu siku tunajua pesa ni nini. Na haki isemwe: bila nyimbo zilizouza, Talk Talk wasingepata mwaka mzima wa studio. It's My Life ndiyo iliyolipia kimya cha Spirit of Eden. Ninachokataa ni kuligeuza soko kuwa sikio pekee tulilonalo, kwamba kisichouza wiki ya kwanza basi hakina kitu.

Sasa ungamo. Mwaka wa kwanza nilikuwa najifanya, tena sana. Niliikuta albamu hii kwenye orodha ya kazi zinazosifiwa, nikaisikiliza nusu, nikachoka, na kesho yake nikakaa kwenye kimbweta nikiwaeleza wenzangu kwamba hawajui muziki. Nilikuwa naupenda ule upweke wa kujua kitu ambacho wengine hawakijui. Huo ni ugonjwa wa mashabiki wa vitu vigumu, na wanaotusema wanaona kweli. Mtu anayependa albamu ili wengine waonekane washamba hajaisikiliza bado.

Kilichonitoa huko ni wimbo wa tano, I Believe in You.

Kaka yangu, kifungua mimba wa mama, alikuwa teja kwa miaka mingi. Nyumbani hatukulitamka neno hilo. Akija tulikuwa tunahamisha simu na redio kimyakimya, tunamwekea chakula, na hakuna aliyemuuliza kitu. Mtaani walimcheka anavyosinzia akiwa amesimama. Nami niliwahi kucheka, kwenye kundi la wenzangu, nikijifanya simjui. Hilo sijawahi kuliandika popote kabla ya leo.

Sikujua kwamba wimbo ule ni wa kuhusu heroini mpaka nilipotafuta habari zake. Hollis naye alikuwa na kaka mkubwa, Ed, aliyemfungulia njia ya muziki, na ambaye dawa za kulevya zilimwangusha hadi akafariki. Wasikilizaji wengi huunganisha mambo hayo mawili. Mimi sina haja ya kuyaunganisha. Nilirudi kuusikiliza nikijua tu kwamba unazungumzia unga, na kwamba jina lake maana yake ni "nakuamini". Nyimbo zetu za kampeni dhidi ya dawa za kulevya zinafoka. Vichekesho vyetu vinamwigiza teja ili tucheke. Wimbo huu haumfokei mtu wala haumchezi shere. Sauti ya Hollis inakaribia kuvunjika, besi inatembea polepole chini yake, kisha kwaya inapanda juu bila kelele. Kwa mara ya kwanza nilisikia mtu anazungumza na kaka yangu kama mtu.

Likizo iliyofuata nilimsindikiza asubuhi kwenda kunywa dawa yake kliniki. Methadoni yake alikuwa anainywa pale pale, mbele ya muuguzi, kila siku. Tukiwa kwenye benchi nikampa sikio moja la hedfoni. Alisikiliza hadi mwisho, ameinama. Akaniambia, "Dogo, huyu jamaa anaimba kama hataki kumwamsha mtu." Akaomba nirudie.

Kaka yangu hajui posti-roki ni nini, na hajawahi kusikia jina la Miles Davis. Alichosema kuhusu wimbo ule kwa sentensi moja mimi sijakiweza kwa makala nzima. Tangu siku hiyo sijawahi tena kusema kwamba muziki huu ni wa watu wa aina fulani.

Mtu atasema: ndugu mwandishi, hiyo ni hadithi yako, wengine tunataka burudani baada ya wiki ya tesiti. Sawa. Bashi ziwepo, amapiano ipigwe, na Ijumaa mtaniona hukohuko. Wala sisemi lazima uipende Spirit of Eden. Unaweza kukaa dakika zote arobaini na moja, ukainuka na kusema haijakugusa, na nitakuheshimu kuliko mimi wa mwaka wa kwanza niliyeisifu bila kuimaliza.

Ninachoomba ni kidogo na kinatekelezeka. Umoja wetu wa wanafunzi una spika kubwa ambazo kwa siku nyingi za wiki zimelala stoo. Tupewe saa moja, mara moja kwa wiki, katika ukumbi wa wanafunzi. Kila wiki mtu mmoja alete albamu moja anayoipenda kweli. Iwe taarabu, iwe Mlimani Park, iwe rapu ya mtaani kwao, iwe jazi ya Ethiopia. Simu zizimwe, albamu ipigwe mwanzo mpaka mwisho, kisha aliyeileta aseme kwa nini anaipenda na tumuulize maswali. Haina gharama zaidi ya umeme.

Tumezoea kusikiliza sekunde kumi na tano kisha kidole kinapandisha skrini. Tunasikilizana hivyohivyo pia. Mtu akianza kueleza shida yake, akinyamaza kidogo kutafuta neno, tayari tumeshaingilia. Sijui kama albamu inaweza kumfundisha mtu adabu. Najua kwamba ile ya Talk Talk ilinizoesha kungoja sauti ambayo haijaja bado, na siku kaka yangu aliponyamaza kwenye benchi la kliniki, nilijua kwamba hajamaliza kuzungumza.

Rumeti wangu, kwa taarifa yenu, bado anauliza kama bando limekata. Ila wiki iliyopita niliporudi toka maktaba nilikuta feni imezimwa, na joto lote lile, naye kalala chali anaisikiliza. Aliponiona alisema imejiwasha yenyewe.