ZIWA NALO LIPEWE STESHENI



Watu watauliza, wafanyakazi wa reli wa Kanduyi wana shauri gani na ziwa? Twajibu kwamba tuna shauri kubwa. Maji ya Nzoia huishia Ziwa Victoria. Omena tunayolia ugali inatoka huko, na vijana wetu wengine wameshuka mpaka Port Victoria na Sio Port kuvuta nyavu kwa ujira. Mfanyakazi ni mfanyakazi, awe juu ya behewa au ndani ya mashua.

Kwetu relini dereva haondoki mpaka stesheni ya mbele iseme njia i wazi. Hata awe na miaka 20 kazini, haruhusiwi kusema, "Naijua njia hii." Lakini mvuvi wa omena huingia ziwani usiku na taa yake, wala hakuna aliye mbele wa kumpa habari. Makisio yatajwayo mara nyingi ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa hili. Kama treni zingeua hata nusu yao, je, nani angeziruhusu ziendelee kwenda?

Dawa yajulikana, nayo ni boya lenye redio. Huelea limefungwa nanga, hupata nguvu za jua, hupima upepo, mawimbi na joto la maji, kisha hupeleka habari nchi kavu saa ile ile. Katika maziwa makuu ya Marekani na Kanada maboya kama hayo yametumika zaidi ya miaka 40, ingawa mengi huopolewa kabla ya barafu na kurudishwa baadaye. Ziwa letu lina kilomita za mraba 68,800 na halina barafu hata siku moja.

Wengine husema mvuvi hujua kusoma mbingu. Mitume nao walikuwa wavuvi, na dhoruba iliwashika. Dhoruba nyingi za ziwa letu huzaliwa usiku katikati ya maji, pepo kutoka nchi kavu za pande zote zinapokutana juu ya maji yenye joto. Aliye ufukoni atayaonaje hayo gizani?

Wengine husema utabiri upo. Ni kweli, na twashukuru. Mradi wa HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulifanya kazi njema hapa Afrika Mashariki tangu 2017 hadi 2021. Lakini utabiri husema yatakayokuja, na boya husema yaliyopo sasa. Tena mradi una mwisho, mawimbi hayana.

Kwa hiyo twadai mambo manne.

Kwanza, Kenya, Uganda na Tanzania ziweke maboya ya kutosha kwa pamoja. Kenya ina kama sehemu 6 tu katika 100 za ziwa, na dhoruba haiombi pasi mpakani. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Pili, waajiriwe mafundi wa kudumu wenye mshahara. Boya lisilotunzwa huota uchafu, betri hufa, na wezi hawalali. Sisi tuliokwisha kuona vyuma vya reli vikiuzwa kwa kilo twajua hayo. Wavuvi wenyewe wapewe sehemu katika ulinzi, maana mtu hulinda kilicho chake.

Tatu, habari ifike kila ufuko kwa lugha za watu, kwa simu, kwa redio na kwa bendera. Isilale katika ofisi ya mjini.

Nne, na hili ndilo kubwa, kibarua wa mashua awe na haki ya kukataa. Leo mwenye mashua amelala nyumbani, na kijana akiogopa mawingu huambiwa ni mvivu, kesho nafasi yake apewe mwingine. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yakataza mfanyakazi kurudishwa mahali penye hatari kubwa iliyo karibu, nayo yahesabu chombo cha majini kuwa mahali pa kazi. Lakini kijana atathibitishaje hatari iliyo kilomita 30 gizani? Boya ndilo shahidi wake. Likisema njia imefungwa, mashua isiondoke, na asiyeondoka asifukuzwe.