Dawa Haziteremki Kutoka Kwenye Kompyuta

Wapo watu, na si wachache, wanaoamini kwamba siku hizi dawa hutafutwa na kompyuta. Husikika maofisini na katika vyumba vya walimu wakisema kuwa mashine imekwisha kuchukua kazi ya mkemia. Kwamba mtu hubonyeza vitufe huko Ulaya au Marekani na dawa ikatoka. Wakisha kusema hayo huongeza neno la pili, ambalo ndilo lenye sumu: kwamba kazi hiyo ni ya mataifa makubwa, na kwamba wajibu wa nchi maskini ni kungojea meli itie nanga bandarini ili nchi hiyo inunue.

Maneno yote mawili si ya kweli. La kwanza ni kosa la kutojua, nalo husameheka. La pili ni fikra za kitumwa, wala halifai kuachwa likapita bila kujibiwa, hasa linapotoka katika vinywa vya watu waliosomeshwa kwa jasho la wakulima.

Kwanza yafaa ieleweke kazi yenyewe ni nini. Kila kiumbe hai, awe mtu au kimelea, huendesha maisha yake kwa vimeng'enya. Kimeng'enya ni protini yenye tundu la umbo maalumu. Kitu kinachohitajika huingia tunduni humo, hubadilishwa, kisha hutoka. Tundu likizibwa kazi husimama, na dawa nyingi si kitu kingine ila vizibo vya matundu ya namna hiyo. Zamani wakemia walitafuta vizibo kwa kujaribu kemikali moja baada ya nyingine. Umbo la matundu hayo lilipoanza kujulikana, kwa kupitisha eksirei katika fuwele za protini, iliwezekana kuchora mfano wake ndani ya kompyuta na kupima kwa hesabu ni molekuli ipi itakayokaa sawasawa. Ni kama fundi anavyopima tundu la jembe kabla ya kukata mti wa mpini.

Njia hiyo imeleta faida ya kweli. Huko Australia, Peter Colman na wenzake walitangaza mwaka 1983 umbo la kimeng'enya kimoja cha virusi vya mafua. Mwaka 1993 Mark von Itzstein na wenzake walitangaza kizuizi chake, baada ya programu ya kompyuta kuwaonyesha mahali pa kuongeza kundi la atomu ili molekuli ishike barabara. Dawa hiyo, zanamivir, iliruhusiwa mwaka 1999. Tangu umbo kujulikana hadi dawa kumfikia mgonjwa ilipita miaka 16. Kompyuta ilionyesha mahali. Kutengeneza, kupima, kukosea na kurudia kulifanywa na watu.

Lakini mfano unaoigusa Tanzania moja kwa moja ni wa malaria. Kimelea cha malaria kina kimeng'enya kiitwacho kwa kifupi DHFR, ambacho bila hicho hakiwezi kutengeneza chembe zake za urithi. Pirimethamini, iliyotokana na kazi ya George Hitchings na Gertrude Elion, washindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1988, huziba tundu la kimeng'enya hicho. Hiyo ndiyo nusu ya dawa ijulikanayo kwa wananchi kwa jina la SP. Usugu dhidi ya pirimethamini ulionekana mkoani Tanga tangu miaka ya 1950, katika siku za Tanganyika. Mwaka 2001 SP ilichukua nafasi ya klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini; kufikia mwaka 2006 ilikwisha kulemewa, ikaamuliwa kwamba dawa mseto ya ALu ishike nafasi yake. Hata hivyo SP ndiyo inayotolewa kliniki mpaka leo ili kuwakinga mama wajawazito.

Kwa nini dawa ililemewa? Kwa sababu kimelea kilichonga upya tundu lake. Mahali panapohesabiwa kuwa nambari 108 katika protini hiyo, asidi amino ndogo iliondoka na nyingine iliyo kubwa zaidi ikakaa. Ncha ngumu ya pirimethamini ikawa inagonga ukuta. Yakafuata mabadiliko mengine katika nafasi ya 51 na ya 59. Mwaka 2004 watafiti waliofuatilia jeni za vimelea walionyesha kwamba aina hii yenye mabadiliko matatu, iliyoenea Afrika, chimbuko lake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Vimelea vilivuka bahari bila kuomba ruhusa ya mtu.

Sasa na itazamwe ni nani aliyelishughulikia jambo hilo. Mwaka 2003 wanasayansi wa Thailand, chini ya uongozi wa Yongyuth Yuthavong, walitangaza umbo kamili la kimeng'enya hicho, wakaonyesha kwa macho jinsi dawa ya zamani inavyogongana na ukuta mpya. Mwaka 2012 wao na wenzao wa nchi nyingine walitangaza molekuli iitwayo P218. Fikra iliyomo ndani yake ni ya kupendeza. Badala ya ncha ngumu, walitia mkia unaopinda, tena wakauweka ufuate njia ileile inayofuatwa na chakula cha asili cha kimeng'enya. Kimelea kikitaka kubadili tundu ili kiikwepe dawa, kitakuwa kinajizibia riziki yake chenyewe.

P218 imekwisha kujaribiwa kwa binadamu, ingawa haijawa dawa ya kupatikana dukani. Huenda isifike. Ndivyo ilivyo kazi hii, na asiyevumilia kushindwa asiianze. Lakini Thailand haikuwa dola kuu ya viwanda vya dawa. Ilikuwa nchi yenye malaria mipakani mwake na yenye wasomi walioona aibu kungoja. Ni kweli walisaidiwa na mashirika ya nje. Msaada hauna fedheha pale ambapo aliyeuliza swali ni mwenye ugonjwa.

Watetezi wa kungojea husema mashine ni ghali. Hoja hiyo imekufa, inasubiri kuzikwa tu. Hazina ya kimataifa ya maumbo ya protini, iliyoanzishwa mwaka 1971 ikiwa na maumbo 7, leo ina zaidi ya 200,000, nayo hufunguliwa bure na yeyote. Mwaka 2022 yaliongezwa maumbo yapatayo milioni 200 yaliyokisiwa na programu ya AlphaFold, ambayo waundaji wake wawili, Demis Hassabis na John Jumper, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Programu za kupima vizibo, kama AutoDock ya California, hutolewa bila malipo, na kompyuta ya kawaida ya chuo yatosha kuanzia.

Pia wapo wanaopotoka upande wa pili. Hao hudhani kwamba nchi ikinunua kompyuta imekwisha kupata utafiti. Kompyuta ni mshauri anayekosea mara nyingi. Mara nyingi huichukulia protini kama jiwe, ilhali protini hucheza na kupinda. Huyapuuza maji yanayoizunguka. Na molekuli nyingi inazozisifu huanguka siku ya kwanza ya kujaribiwa. Bila maabara yenye kemikali, umeme usiokatika na fundi anayelipwa kwa wakati, picha zote hizo za rangi hazina tofauti na televisheni.

Gharama ya kungojea inajulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1990, dawa za kuzuia vimeng'enya vya virusi vya UKIMWI ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuzitoa kwa dola 350. Bei haikushushwa na huruma. Ilishushwa kwa sababu nchi moja iliyokuwa na wakemia wake na viwanda vyake iliweza kusema kwamba inajua kuzitengeneza. Kabla ya hapo, asiyejua alizika watu wake.

Wala isisemwe kwamba Watanzania hawaiwezi kazi hiyo. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipofanyiwa jaribio kubwa kuanzia mwaka 2009, Bagamoyo na Korogwe zilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Madaktari, wauguzi na mafundi maabara wa nchi hii walipima damu na kutunza kumbukumbu kwa kiwango kilichokubaliwa na dunia. Walioaminiwa kupima dawa za wengine kwa nini wasiaminiwe kubuni za kwao? Damu ya mtoto wa Korogwe haifai iwe malighafi tu, kama katani iliyosafirishwa ikarudi kamba.

Wajibu basi uko wazi. Mtumishi wa serikali anayepitisha makadirio ya fedha ajue kwamba anapofuta fungu la kemikali za maabara ya chuo na kuacha fungu la semina, anaamua ni nani atakayepanga bei ya dawa miaka 20 ijayo. Mwalimu naye ajue kwamba mwanafunzi anayekaririshwa jina la kimeng'enya bila kuona mate yakivunja wanga katika bomba la kioo hawezi kesho kuamini kwamba tundu la protini ni kitu cha kweli kinachopimika. Jaribio hilo halihitaji mfadhili. Lahitaji uji wa muhogo, tone la iodini na mwalimu aliyeamka mapema.

Mama mjamzito atakayemeza SP leo kliniki anakingwa na dawa ambayo adui ameijua tangu miaka ya 1950. Anastahili watu wake waanze kazi sasa.