Kushusha pikapu sawa, ila si kwa grainda jamani

Jina kapuni, ila mnamjua. Yule msanii aliyeposti Hilux yake wiki iliyopita, imelala hadi bampa linataka kulamba lami, kaegemea mlango na miwani yake ya giza. Laiki kama mvua. Kilichonifanya niandike si yeye. Ni dogo mmoja wa mtaani kwetu ambaye siku tatu baadaye aliibeba pikapu ya mzee wake hadi gereji. Fundi akakata springi za mbele kwa grainda, nyuma akachomoa mabapa mawili. Saa mbili, kazi imeisha. Bei ya kitonga.

Sasa ile pikapu ndiyo inabeba saruji za mzee. Ndiyo inamlipia dogo ada ya chuo.

Mimi sipingi. Pikapu iliyoshushwa vizuri ni tamu kuitazama, na mchezo wenyewe ni wa siku nyingi. Vijana wa California walikuwa wanazilaza pikapu ndogo za Kijapani tangu miaka ya 1970 na 1980. Ila wenzetu wanafunga seti kamili. Mbele springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Nyuma, ekseli ambayo kiwandani imekaa chini ya springi za mabapa wanaihamishia juu yake, hapo gari inashuka hata inchi 5. Na kwa kuwa ekseli imesogelea chesisi, wanakata nafasi kwenye chesisi, wanachomelea chuma cha kuiimarisha ili visigongane. Shokapu fupi, alaimenti upya (usipofanya, tairi zinaliwa upande mmoja), taa zinapangwa tena.

Halafu kuna hili ambalo mafundi wengi hawakwambii. Hilux nyingi, hasa zisizo na ABS, zina valvu ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa kijichuma. Bodi ikishuka, valvu inaelewa kuna mzigo, inaongeza nguvu ya breki nyuma. Sasa wewe umeishusha ikiwa tupu na valvu hujaigusa. Yenyewe inajua umebeba tani! Siku ya mvua ukikanyaga breki, tairi za nyuma zinajifunga, mkia unakwenda zake.

Dogo hakufika hata kwenye mvua. Alhamisi alipakia mifuko 20 ya saruji, yaani tani nzima. Tuta la kwanza tu, ekseli ikapiga chesisi, tairi ikaanza kusaga fenda hadi moshi. Mzee akaja kwa bodaboda. Hakugomba. Alikodi kirikuu, akahamisha mifuko, akamlipa mtu wa kirikuu mbele ya mwanawe. Tangu siku hiyo funguo anatembea nazo.

Kwa hiyo kaka msanii, gari yako haibebi saruji, inakubeba wewe na mpiga picha. Poa kabisa. Ila siku nyingine tuoneshe na uvunguni, tuone ulichofungiwa na fundi, maana madogo wanaiga wanachokiona.

Najua kuna mtu atashuka kwenye komenti kusema nina wivu. Ninao kidogo, ile rangi ni kali. Ila kabla hujanitukana, tuambie: hiyo pikapu unayotaka kuilaza ni ya nani, na kesho asubuhi inabeba nini?