Kwa nini Hiace kuukuu inayumba, na nani alipe matengenezo

Kila msimu wa mavuno, simu ya studio hupokea ujumbe wa aina moja: Hiace iliyojaa abiria na magunia iliyumba kwenye kona mpaka watu wakaomba kushuka. Lawama huenda kwa dereva, au kwa barabara. Leo tunatazama chini ya gari.

Hiace nyingi za vijijini ni za lile umbo la zamani lililoanza kutengenezwa Japani mwaka 1989. Nyuma, nyingi zina ekseli moja ndefu inayobebwa na springi za bamba. Mbele kuna fito mbili za chuma zinazojisokota kila tairi inapopanda jiwe. Bamba na fito ndizo zinazobeba uzito. Kazi ya shokapu ni nyingine: kuituliza springi isiendelee kunesanesa baada ya shimo, ili tairi ibaki imeshika barabara.

Gari likiinama nyuma kwa mzigo, fundi huambiwa aongeze bamba. Gari linainuka, tajiri anafurahi, na kesho yake magunia yanaongezwa. Lakini breki ni zilezile, ekseli ni ileile, na shokapu iliyokwisha sasa inatakiwa kutuliza springi ngumu zaidi. Gari likiwa tupu ndiyo balaa: nyuma inarukaruka kwenye barabara ya vumbi, na tairi iliyo hewani haishiki breki wala kona. Wengine hukaza zile fito za mbele ili gari linyanyuke. Hilo haliongezi uwezo wa kubeba; linapindisha mkao wa tairi, zikalika upande mmoja.

Fedha zikiwa chache, tungeanza na tairi zenyewe: ziwe za gari la mizigo, si za gari dogo, na upepo ufuate kipimo cha mtengenezaji. Kisha bushi na boljointi. Bushi ya raba ikichakaa, dereva anahangaika na usukani hata barabara iliyonyooka. Ndipo zije shokapu, na zibadilishwe mbili kwa pamoja, kushoto na kulia. Ukibonyeza kona ya gari kwa nguvu na kuachia, likanesa zaidi ya mara mbili, shokapu haina kazi. Ikichuruzika mafuta, vivyo hivyo. Alaimenti iwe ya mwisho. Na magunia yashuke kwenye keria, maana uzito ukiwa juu gari huinama zaidi kwenye kona.

Mafundi wengi wanayajua haya. Kinachokwamisha ni hesabu. Dereva anapeleka fedha kwa tajiri kila jioni, na siku ya gereji haina hesabu. Akiomba shokapu mpya anaonekana msumbufu. Akiongeza bamba anaonekana mchapakazi. Ukaguzi wa barabarani nao hutazama zaidi taa, tairi na leseni, wakati bushi haionekani vizuri mpaka gari lipigwe jeki.

Kwa maoni yetu gharama hii ni ya tajiri, na siku ya matengenezo isidaiwe hesabu. Madereva na wenye magari walizungumze kabla mahindi hayajakauka, wakati abiria bado ni wachache na gari linaweza kulala gereji siku mbili.